Je, ni kusindikwa kwenyewe kunakopandisha sukari?

Swali

Mtaalamu, heshima yako. Nina miaka 44. Katika vipimo vya mwaka huu sukari yangu kabla ya kula imetoka 6.2, trigliseridi 2.1, na kiuno kimeongezeka ingawa uzito haujabadilika sana. Situmii dawa yoyote. Niliyempelekea majibu aliniambia jambo moja tu: "Acha vyakula vilivyosindikwa." Nikarudi nyumbani nikafungua kabati. Mkate umesindikwa. Mchele umekobolewa. Maharage ni ya kopo, maziwa ni ya boksi, mtindi una vitu vitatu nisivyovijua, na hata mafuta ya kupikia yametoka kiwandani. Nikiacha vyote nitakula nini? Na je, ni kusindikwa kwenyewe kunakoharibu mwili, au ni sukari, chumvi na mafuta tu?

Jibu

Ndugu yangu, ushauri uliopewa una ukweli ndani yake, ila umefupishwa hadi hautekelezeki. Anayeambiwa hivyo mara nyingi huacha kila kitu kwa wiki mbili kisha huchoka, au huudharau ushauri wote kwa kuona hauwezekani. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu la kabati linatoka humo.

Tuyatazame kwanza majibu yako. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya kabla ya kula kati ya 6.1 na 6.9 (milimoli kwa lita) si ya kawaida, lakini bado si kisukari; kisukari hutajwa kuanzia 7.0, tena baada ya kipimo kurudiwa. Trigliseridi, yaani mafuta yanayosafiri kwenye damu, zimepita mpaka wa 1.7. Kiuno ni kigezo cha tatu. Viko vitano kwa jumla. Viwili vilivyobaki ni shinikizo la damu na kolesteroli ya HDL, ile inayoitwa nzuri. Mtu akiwa na vitatu kati ya vitano, madaktari husema ana sindromu ya kimetaboliki. Maana yake ni kwamba mwili umeanza kushindwa kuipanga nishati unayoipata: itumike wapi, ihifadhiwe wapi, na kwa kiasi gani.

Sukari yako ya asubuhi haikutoka moja kwa moja kwenye chakula cha usiku. Imetoka kwenye ini. Usiku kucha ini hutoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula, na insulini, homoni ya kongosho, ndiyo inayoliambia lisizidishe. Ini likijaa mafuta husikia amri hiyo nusunusu, likaendelea kutoa. Na mafuta hayo kwa sehemu ini limeyatengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga uliozidi, kisha mengine limeyasukuma kwenye damu kama trigliseridi. Kwa hiyo 6.2 yako na 2.1 yako si matatizo mawili. Ni tatizo moja lililopimwa kwa njia mbili, na kiuno kimeongezea ushahidi wa tatu. Litunze hilo kichwani, kwa sababu kuanzia hapa swali langu kwa kila chakula litakuwa lile lile: kinalifikishia ini mzigo kiasi gani, na kwa kasi gani?

Sasa usindikaji. Kuchemsha ni kusindika. Kusaga, kukausha, kuchachusha, kugandisha na kutia kwenye kopo ni kusindika pia. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayokwisha kwa kuchemshwa sawasawa. Maziwa yaliyopashwa moto kiwandani hayaleti vijidudu vya kifua kikuu na bruselosi. Chumvi iliyotiwa madini joto, iliyoanza kusambazwa Uswisi na Marekani katika miaka ya 1920, imeokoa watoto wengi wasizaliwe na ubongo uliodumaa. Anayesema usindikaji ni adui bila kueleza ni usindikaji upi hajasaidia mtu.

Lakini kuna jambo ambalo usindikaji hufanya na ambalo lebo haiwezi kulionyesha: huvunja umbo la chakula. Punje ya nafaka, tunda, haragwe na lozi ni mkusanyiko wa seli zenye kuta ngumu, na wanga, sukari na mafuta vimo ndani ya kuta hizo. Unapotafuna unavunja baadhi tu. Nyingine zinapita tumboni zikiwa nzima au nusu nzima, vimeng'enya vikihangaika kuingia, na sehemu inafika utumbo mpana ambako bakteria huila kwa niaba yako. Kinu cha kiwandani kinazivunja karibu zote kabla hata hujaketi mezani.

Jaribio ninalolipenda kuhusu jambo hili ni la zamani na ni dogo. Lilichapishwa mwaka 1977 katika jarida la tiba la Lancet. Watu 10 walipewa matufaha kwa namna tatu kwa siku tofauti: tufaha zima, tufaha lililopondwa, na juisi yake. Kiasi cha wanga kilikuwa kile kile. Juisi iliweza kunywewa kwa kasi mara 11 kuliko kula tunda zima, na iliwashibisha kidogo kuliko vyote. Lililopondwa likawa katikati. Hapa ndipo watu hukosea wanapolisimulia: sukari ya damu ilipanda karibu sawa kwa vyote vitatu. Mwenye kipimo cha kidole peke yake angesema hakuna tofauti. Tofauti ilikuwa kwenye insulini, iliyopanda zaidi baada ya juisi na tufaha lililopondwa, na kwenye kile kilichofuata: baada ya juisi sukari ilianguka kwa kishindo, baada ya tunda zima haikuanguka hivyo. Na kumbuka kuwa tufaha lililopondwa lilikuwa na nyuzinyuzi zake zote. Hakuna kilichotolewa wala kuongezwa. Umbo tu ndilo lililobadilika.

Lozi nazo zinasema hivyo hivyo kwa lugha ya kalori. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima mwaka 2012 ni nishati kiasi gani mwili unapata hasa kutokana na lozi nzima, wakakuta gramu 28 zinatoa kalori zipatazo 129, wakati hesabu ya kawaida ya lebo ilikuwa ikisema kama 170. Zilizobaki zilitoka na choo, zikiwa bado zimefungiwa ndani ya seli. Miaka minne baadaye timu hiyo ikapima lozi zilizosagwa kuwa siagi, na mara hii kalori zikawa karibu zile zile za lebo. Kwa hiyo chakula kimoja, chenye orodha ya viungo yenye neno moja, kinaweza kuupa mwili nishati tofauti kwa sababu ya kinu peke yake. Anayekufundisha kusoma idadi ya viungo tu hawezi kulikamata hili.

Nafaka ni hivyo pia, ila historia yake ina uchungu zaidi. Karne ya 19 mashine za kukoboa zilipowezesha mchele mweupe na unga mweupe kupatikana kwa wingi, ugonjwa wa beriberi, unaoletwa na ukosefu wa vitamini B1, ulienea mahali ambapo mchele mweupe ulikuwa karibu chakula pekee. Daktari Christiaan Eijkman, akifanya kazi kisiwani Java katika miaka ya 1890, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu, na wakipona waliporudishiwa mchele wenye pumba. Mwaka 1929 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Frederick Hopkins. Dunia ikajifunza kurudisha vitamini kwenye unga, na ikadhani imemaliza kazi. Vitamini zilirudi. Umbo halikurudi.

Ndiyo maana mkate wako wa kahawia, kama unao, hauna kinga unayoidhania upande wa kasi. Katika majedwali ya kimataifa ya fahirisi ya glisemia, kipimo cha jinsi chakula kinavyopandisha sukari kwa kulinganishwa na glukosi yenye 100, mkate mweupe una wastani wa 75. Mkate wa ngano isiyokobolewa una 74. Pumba imo, lakini imesagwa laini kama poda. Mkate wenye punje nzima au zilizopasuliwa unashuka hadi karibu 53. Uji wa oti zilizopondwa kwa roli uko kwenye 55, na oti za papo hapo, zile za kumwagia maji moto na kukoroga, ziko kwenye 79. Ni oti zile zile. Maharage yako kwenye 20 na kitu. Ngano isiyokobolewa bado ina faida, nisieleweke vibaya. Walaji wa nafaka zisizokobolewa wana visa vichache vya kisukari katika tafiti nyingi za muda mrefu. Ila usitegemee rangi ya mkate, ambayo pengine imetoka kwenye sukari iliyounguzwa.

Katika jedwali hilo hilo kuna mtego. Soda ina wastani wa 59, chini ya mkate. Je, soda ni bora kuliko mkate? Hapana, na sababu yake inakuhusu wewe mwenye trigliseridi 2.1. Karibu nusu ya sukari ya soda ni fruktosi, sukari ya aina iliyomo kwenye matunda, na fruktosi haionekani kwenye kipimo cha glukosi kwa sababu sehemu kubwa yake inaishia kwenye utumbo na ini. Ikija kidogo kidogo ndani ya tunda, utumbo mwembamba unaimudu. Ikija pamoja na glukosi yake, jumla gramu 35 za sukari kwa dakika tano, kama ilivyo kwenye kopo la mililita 330, inamwagika kwenye ini, na ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Juisi ya boksi iliyoandikwa "asilimia 100 tunda" ina sukari inayokaribiana na hiyo. Ini halisomi lebo.

Sasa lile swali lako lenyewe: ni kusindikwa, au ni sukari, chumvi na mafuta?

Mwaka 2009 Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, alipendekeza tuache kupanga vyakula kwa virutubisho peke yake, tuvipange kwa namna vilivyotengenezwa. Mfumo wake, unaoitwa NOVA, una makundi manne: vyakula vya asili au vilivyoguswa kidogo, viungo vya jikoni kama mafuta, sukari na chumvi, vyakula vilivyosindikwa kama jibini, maharage ya kopo na mkate uliookwa bila viongezi, na kundi la nne, vilivyosindikwa kupita kiasi. Hili la mwisho ni bidhaa zilizounganishwa kiwandani kutokana na vitu vilivyochujwa kutoka kwenye vyakula, pamoja na ladha, rangi na viongezi ambavyo hutavikuta jikoni kwa mtu. Wakosoaji walisema kundi hilo ni jina jipya la vyakula vyenye sukari na mafuta mengi. Ulikuwa ukosoaji wa haki hadi mtu aupime.

Aliyeupima ni Kevin Hall, wakati huo akiwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na matokeo yalitoka mwaka 2019. Watu 20 walilazwa kituoni kwa mwezi. Wiki mbili walipewa milo ya kundi la nne, wiki mbili milo isiyosindikwa sana, kwa mpangilio wa kubahatisha. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kisha wakaambiwa: kuleni mtakavyo. Katika wiki za vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi walikula kama kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Katika wiki nyingine walipungua karibu kiasi hicho hicho. Hawakusema milo ile ni mitamu zaidi. Ila waliila haraka zaidi.

Hilo neno "haraka" ndilo ninaloliamini kuliko maelezo mengine yote. Shibe ni taarifa inayochelewa: tumbo, utumbo na homoni zake huchukua muda kuuambia ubongo kilichoingia. Chakula laini, kikavu, chenye kalori nyingi kwa kila tonge, kinapita kabla taarifa haijafika. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, wamelisogeza jambo hili mbele kwa kulinganisha milo iliyosindikwa kupita kiasi pande zote mbili, mmoja laini wa kuliwa haraka, mwingine wa kutafunwa zaidi. Watu wakala kidogo kwenye ule unaotafunwa. Kwa maneno mengine, hata ndani ya kundi la nne, meno yana kazi.

Jaribio kubwa zaidi la hivi karibuni, la UCL, chuo kikuu kilichoko London, lilitolewa mwaka 2025. Watu wazima 55 walikula kwa wiki nane chakula kilichosindikwa kupita kiasi na kwa wiki nane kilichosindikwa kidogo, na safari hii milo yote miwili ilifuata mwongozo rasmi wa lishe wa Uingereza. Uzito ulipungua pande zote mbili: asilimia 2 hivi kwa kilichosindikwa kidogo, asilimia 1 hivi kwa kingine. Wenye haraka walisoma nusu ya habari kila mmoja kwa upande wake. Mimi naisoma hivi: ukichagua vilivyo bora ndani ya kundi la nne hutazami janga, lakini bado unaacha nusu ya faida mezani.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba si sukari, chumvi na mafuta peke yake, kwa kuwa vililinganishwa na tofauti ikabaki. Wala si kusindikwa kama laana fulani isiyo na sababu. Ni umbo lililovunjwa, kasi ya kula, na kalori nyingi zilizobanwa kwenye tonge dogo. Sukari na chumvi vinapanda juu ya hayo.

Upo mfano mmoja ambao usindikaji wenyewe ndio uliozaa sumu, na ni haki kuutaja. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vilijifunza kugandisha mafuta ya mimea kwa kuyatia haidrojeni, na katika kazi hiyo yakatokea mafuta ya transi, ambayo katika chakula cha asili ni haba. Kwa miongo mingi yaliuzwa kama mbadala mwema wa siagi. Mwaka 1990 watafiti wa Kiholanzi, Ronald Mensink na Martijn Katan, walionyesha kwamba yanapandisha kolesteroli mbaya na papo hapo yanashusha nzuri. Denmark iliweka sheria ya kuyabana mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziyaondoe. Ukiona kwenye lebo mafuta "yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu", rudisha bidhaa rafuni bila kusoma zaidi.

Viongezi vingine? Kuna dalili. Vitu vinavyochanganya maji na mafuta visitengane, kama kaboksimethili selulosi, vilivuruga bakteria wa utumbo na uzito wa panya, na katika jaribio dogo kwa binadamu wenye afya, lililochapishwa mwaka 2022, gramu 15 kwa siku zilibadilisha bakteria hao. Ni dozi kubwa, kwa siku chache. Mimi singekosa usingizi kwa ajili ya vile vitu vitatu vya mtindi wako wakati kuna soda kwenye friji.

Na hapa ndipo kundi la nne lenyewe linapohitaji kupasuliwa. Tafiti za kufuatilia watu wengi kwa miaka zinaonyesha kwamba walaji wakubwa wa vyakula hivi hupata kisukari zaidi. Utafiti wa Ufaransa uliofuatilia watu zaidi ya 100,000 ulikuta kila nyongeza ya asilimia 10 ya vyakula hivyo mloni ikiandamana na hatari kubwa zaidi kwa kama asilimia 15. Tafiti za aina hii haziwezi kuthibitisha chanzo, kwani mlaji wa soseji kila siku huenda pia halali vizuri na hatembei. Lakini watafiti wa Marekani walipovigawanya vyakula vya kundi la nne, katika ripoti ya mwaka 2023 kuhusu wauguzi na wahudumu wengine wa afya, picha iligawanyika pia. Vinywaji vyenye sukari au vitamu bandia, mikate iliyokobolewa, nyama zilizosindikwa na milo iliyopikwa tayari viliandamana na kisukari zaidi. Mikate ya nafaka isiyokobolewa na mtindi viliandamana na kisukari kidogo. Kuviweka soda na mtindi kwenye sentensi moja ya "acha" ni uvivu wa kitaalamu, na nasema hivyo nikijua unatoka kwa wenzangu.

Turudi kabatini, basi.

Vinywaji kwanza, na kwa mbali. Soda, juisi za boksi, vinywaji vya nguvu, chai na kahawa za chupa, maziwa yenye ladha. Havitafunwi, havishibishi, vinafika kwenye ini kwa kasi kuliko chochote kingine unachoweza kumeza. Kama ungefanya badiliko moja tu mwaka huu, ningekuomba liwe hili, na ningekusamehe mengine yote. Vile vya "bila sukari" vinafaa kama daraja kwa mtu anayeshindwa kuacha, lakini Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri visitegemewe kudhibiti uzito, na mimi nakubaliana nalo. Matunda kula, usiyanywe. Smuzi imo katikati, kama lile tufaha lililopondwa.

Pili, soseji, hemu, salami na jamaa zao. Uchambuzi wa mwaka 2024 uliojumuisha karibu watu milioni mbili kutoka nchi 20 ulikuta kwamba gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku zinaandamana na hatari ya kisukari aina ya pili iliyo juu kwa asilimia 15. Gramu 50 ni soseji moja ya wastani. Weka mayai, samaki, kuku au maharage mahali pake.

Tatu, kifungua kinywa cha nafaka za boksi, biskuti na krispi. Hivi ni wanga uliopikwa kwa shinikizo, ukafura, ukakauka, ukavunjika mdomoni bila kutafunwa. Oti nzito zilizopikwa kwa dakika kadhaa zinakaa vizuri zaidi. Ukitaka kanuni ya kusomea lebo ya chochote chenye wanga, tumia hii: gawa gramu za wanga kwa gramu za nyuzinyuzi. Ikitoka 10 au chini yake, chakula kina heshima. Ikitoka 30, ni sukari iliyovaa koti. Na orodha ya viungo hupangwa kwa uzito, kinachotangulia ndicho kingi. Angalia kama sukari imegawanywa majina matatu au manne ili kila moja lishuke chini ya orodha.

Maharage ya kopo yaache yalipo. Yamwage maji yake na uyasuuze, utakuwa umepunguza sehemu nzuri ya chumvi, na seli zake bado ni nzima. Mboga na matunda yaliyogandishwa, samaki wa kopo, maziwa ya boksi, mtindi usiotiwa sukari, nyanya za kopo, mafuta ya mimea ya kawaida: hivi vyote vimesindikwa na vyote vinakufaa. Kwa mtindi tazama gramu za sukari, si urefu wa orodha. Usiotiwa kitu una kama gramu 4 hadi 6 katika gramu 100, na hiyo ni laktosi, sukari ya asili ya maziwa. Ukikuta 12, zilizozidi zimetiwa.

Mchele ni mgumu zaidi, kwa kuwa watu huupenda na sitaki kukuambia uuache. Mchele wa kahawia unasaidia kidogo kwa kasi, 68 dhidi ya 73 kwenye jedwali, na zaidi kwa nyuzinyuzi na madini. Kinachosaidia kuliko hapo ni kupunguza wali kwenye sahani na kuongeza maharage au dengu, na kuanza na mboga na protini kabla ya wanga. Katika majaribio madogo mpangilio huo ulipunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Wali uliopoa na kupashwa tena una wanga sugu, yaani usiomeng'enywa kirahisi, kidogo zaidi, lakini faida yake ni ndogo kuliko mitandao inavyosema. Ukiupoza, upoze haraka na uweke kwenye friji, maana bakteria wa wali uliosahaulika mezani hana utani.

Mkate: tafuta wenye punje unazoziona na kuzitafuna. Usipoupata, kula vipande vichache vya uliopo, pamoja na kitu chenye protini, uendelee na maisha.

Kuna bidhaa moja ambayo najua utauliza, unga wa protini na vipande vyake vilivyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Ni kundi la nne kwa kila kigezo. Kwa mzee aliyepungua misuli vina nafasi; kwako, mayai mawili yanafanya kazi hiyo hiyo.

Usipime sukari kila wiki ukitafuta habari njema. Omba kipimo cha HbA1c sasa na baada ya miezi mitatu. Kinaonyesha wastani wa sukari ya kipindi hicho kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120. Trigliseridi ndizo zitakazosogea mapema, mara nyingi ndani ya wiki chache za kuacha vinywaji vitamu na kupunguza pombe kama unatumia. Pima kiuno mwenyewe kila mwezi, asubuhi, utepe ukiwa katikati ya ubavu wa chini na nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Na kama wakati huo utakuwa umeanzishiwa dawa za sukari, hasa insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho kama glibenklamidi, mweleze daktari wako mabadiliko ya mlo kabla hujayaanza, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa sahani ya zamani inaweza kuishusha sukari kupita kiasi kwa sahani mpya.